Valvu ya Rilifu na Lawama za Haraka: Kipakiaji Kidogo Kinapopoteza Nguvu

Kile kipakiaji kidogo cha magurudumu manne ambacho mafundi na opereta wengi hukiita Bobcat, hata kikiwa cha kampuni nyingine, kikianza kushindwa na mzigo ambao jana kiliubeba bila shida, spana ya kwanza huelekea kwenye nati moja. Ni nati inayofunga skrubu ya valvu ya rilifu, ile valvu inayoyafungulia mafuta njia ya kurudi tangini presha inapopita kiwango. Nati hulegezwa, skrubu huingizwa nusu mzunguko, mashine hujaribiwa. Isipobadilika, nusu nyingine. Kazi yote haimalizi dakika kumi, na ndiyo maana inavutia. Naona spana hiyo inafika pale mapema mno. Valvu ya rilifu huharibika kweli, na nitaeleza inavyoharibika, lakini inabebeshwa makosa mengi kuliko yake. Ushahidi wa kuitia hatiani au kuiachia upo, na sehemu kubwa ya ushahidi huo haigharimu hata shilingi. Unapaswa kukusanywa kabla skrubu haijaguswa, kwa sababu skrubu ikishazungushwa ushahidi wenyewe umevurugwa.

Mzizi wa kosa uko kwenye usemi wetu wa kila siku. Tunasema pampu inatoa presha, kwa hiyo presha ikishuka tunawaza pampu imechoka au valvu imelegea, na kwa kuwa valvu ni rahisi kufikiwa kuliko pampu, tunaanza nayo. Lakini pampu ya gia inayoendesha mikono na baketi ya kipakiaji haitoi presha. Inasukuma mafuta, lita kadhaa kila dakika, basi. Presha huzaliwa pale mafuta yanapokutana na kitu kinachoyakatalia njia. Spuli zote, vile vyuma vinavyosogezwa na wenzo kuelekeza mafuta, zikiwa katikati, mafuta hupita wazi ndani ya bloku ya valvu na kurudi tangini, na geji husoma kidogo tu. Opereta akivuta wenzo, mafuta huelekezwa kwenye silinda, uzito huyakatalia, na presha hupanda mpaka itoshe kuushinda uzito huo. Silinda mbili zenye kipenyo cha ndani cha milimita 63 zina eneo la sentimita za mraba 62 hivi kwa pamoja. Kwa bar 200 zinasukuma kwa nguvu inayokaribia tani 12.7, ingawa urefu wa mikono hupunguza nguvu hiyo kabla haijafika kwenye baketi. Kwa bar 100 zinatoa nusu yake. Sasa, mafuta yakipata mahali pengine pepesi pa kupita, popote pale, presha haitapanda kufikia kiwango hicho. Valvu ya rilifu ni mlango mmoja wa aina hiyo, lakini milango iko mingi: gia za pampu zilizolika, uwazi kati ya spuli na tundu lake, sili za pistoni, valvu ndogo za ulinzi kwenye njia za silinda, hata oringi moja iliyokatika. Milango yote hiyo hutoa malalamiko yaleyale kwa opereta. Swali la fundi ni mafuta yanatorokea mlango upi, na skrubu ya rilifu haiwezi kulijibu.

Umbo la mashine hii linalifanya swali hilo kuwa gumu kuliko kwenye mitambo mikubwa. Kipakiaji cha aina hii kilianzia kwenye banda la bata mzinga. Mwaka 1957 ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, wa Rothsay katika jimbo la Minnesota, Marekani, walimtengenezea mfugaji kipakiaji chepesi cha magurudumu matatu kinachoweza kugeuka katikati ya nguzo za banda. Kampuni ya Melroe ya Gwinner, North Dakota, ikauendeleza ubunifu huo, na mwaka 1960 ikatoka M-400 yenye magurudumu manne. Ufinyu ule wa banda haujawahi kuiacha mashine. Kila kitu kimebanwa nyuma na chini ya kiti cha opereta, tangi la mafuta likiwamo. Mfumo wa haidroliki uliofungwa kiwandani, mahali pasipobana, kwa desturi hupewa tangi lenye ujazo wa mara tatu ya kile ambacho pampu inasukuma kwa dakika. Kipakiaji kidogo chenye pampu ya lita 70 kwa dakika mara nyingi kina tangi la kati ya lita 15 na 45 hivi. Mafuta yaleyale yanazunguka zaidi ya mara moja kila dakika, hayapati nafasi ya kutulia ili hewa itoke, uchafu uzame na joto lipungue. Chochote kinachoingia tangini asubuhi kinapita kwenye kila valvu kabla ya chai ya saa nne.

Valvu yenyewe huja kwa namna mbili, na tofauti yake ina maana kubwa katika kutafuta ugonjwa. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: koni ndogo ya chuma imekalia tundu, springi imeikandamiza kwa nyuma, na skrubu huibana springi. Presha ikishinda springi, koni huinuka. Haifunguki ghafla kama mlango uliopigwa teke. Huanza kuvuja kidogo kabla ya kiwango kamili, kisha hufunguka zaidi kadiri mafuta yanavyozidi. Ya pili ina valvu ndogo inayoiamuru kubwa. Pistoni kubwa imetobolewa kitundu chembamba, mafuta hupita humo na kujaa nyuma yake, hivyo presha inakuwa sawa pande zote mbili, na springi dhaifu inatosha kuifunga. Presha ikifika kiwango, koni ndogo ya nyuma hufunguka, mafuta ya nyuma hukimbia haraka kuliko kitundu kinavyoweza kuyarudisha, na pistoni kubwa hurudi nyuma. Fikiria chembe moja imeziba kitundu hicho. Nyuma ya pistoni hakuna presha tena, imebaki springi dhaifu peke yake, na valvu nzima inafunguka kwa presha ndogo kabisa. Mashine inakosa nguvu ghafla, kila mahali. Katika hali hiyo unaweza kuzungusha skrubu hadi mwisho, geji isitikisike. Skrubu isiyojibiwa na geji inakuambia kwamba kiwango hakikulegea, kuna kitu kimekwama au kuna mlango mwingine ulio wazi. Huo ni ushahidi mzuri sana, na wanaozungusha bila geji huupoteza.

Ushahidi wa kwanza, ule usiogharimu kitu, ni kuuliza nini kimedhoofika na kwa upande gani. Valvu kuu ya rilifu inahudumia kazi zote za bloku: kunyanyua, kukunja baketi, kumwaga, na njia ya ziada ya kuendeshea vifaa kama nyundo ya kuvunjia zege au ufagio. Ikifunguka mapema, kazi zote hizo zitakuwa dhaifu pamoja. Kwa hiyo kama mikono inanyanyua mzigo wake wote lakini baketi haikunji, valvu kuu imeshajitetea yenyewe, kwa kuwa presha iliyonyanyua mikono imepita chini ya ulinzi wa valvu hiyohiyo. Endelea upande wa baketi. Je, ni dhaifu kukunja na kumwaga, au kukunja tu? Sili ya pistoni iliyokatika huvujisha kutoka upande wenye presha kwenda mwingine, iwe silinda inarefuka au inafupika, hivyo hudhoofisha pande zote mbili. Valvu ndogo ya ulinzi, ile iliyofungwa kati ya spuli na silinda ili kupokea mshtuko wakati baketi inagonga ukuta wa udongo spuli ikiwa katikati, hukaa upande mmoja wa silinda. Ikibaki wazi, udhaifu unaonekana upande mmoja tu. Valvu hizo hupangwa juu kidogo ya valvu kuu, ili katika kazi ya kawaida zisifunguke kabisa. Ikitokea moja imepangwa chini yake, au imeng'ang'ania wazi, kazi hiyo moja itakosa nguvu na nyingine zitabaki timamu. Opereta anayeweza kusema kwa uhakika "inamwaga vizuri, haikunji" ameshamwokolea fundi nusu siku. Inasikitisha kwamba mara nyingi haulizwi.

Kuna pia kushuka kwa mikono yenyewe baada ya kunyanyuliwa, na hapa valvu kuu hulaumiwa bila sababu hata chembe. Spuli ikiwa katikati, silinda imekatwa kabisa kutoka kwenye njia ya pampu na valvu kuu. Mzigo unaoshuka polepole wakati wenzo umeachwa unavujia kwenye spuli, kwenye sili, kwenye valvu ndogo ya ulinzi au nje ya mfumo. Ungeweza kuifungua valvu kuu na kuitupa, mzigo ule ungeshuka kwa mwendo uleule.

Baada ya hapo, tofautisha polepole na dhaifu. Mashine inayonyanyua mzigo wake kamili lakini kwa kusuasua ina upungufu wa mafuta yanayofika: chujio limeziba, mpira wa kunyonyea umejikunja, mzunguko wa injini uko chini, mafuta tangini ni haba. Mashine inayonyanyua kitu chepesi kwa kasi yake yote kisha ikagoma ghafla kwenye uzito fulani ina dalili inayoelekea kwenye rilifu. Ile iliyo polepole na dhaifu kwa pamoja, tena inayozidi kadiri inavyopata joto, inaelekea kwenye pampu. Sababu yake ni mnato. Mafuta ya daraja la ISO VG 46 yana mnato wa sentistoki 46 kwenye nyuzi 40, lakini kwenye nyuzi 100 yamebaki na karibu saba. Uwazi wa gia zilizolika ambao asubuhi uliweza kuzuia mafuta mazito, saa sita mchana unayaachia yapite. Ndiyo maana jibu la "asubuhi ilikuwa nzima" lina thamani, na ndiyo maana kujaribu mashine ikiwa baridi, kisha kutangaza kwamba imepona, ni kumdanganya mwenye mashine. Historia nayo inasema. Nguvu iliyopungua kwa miezi ni kulika. Nguvu iliyopotea kati ya asubuhi na jioni, hasa siku moja au mbili baada ya mpira kubadilishwa au silinda kufunguliwa, ni uchafu ulioingia wakati wa kazi hiyo na kukalia valvu.

Kuna mtego mmoja wa kijinga ambao lazima niutaje, kwa vile huwapoteza hata mafundi wazuri. Njia ya ziada ikiwashwa na kufungiwa iendelee yenyewe, huku hakuna kifaa kilichounganishwa au viunganishi havijaingia sawasawa, mafuta ya pampu hayana pa kwenda. Yote yanapita juu ya rilifu. Injini inalemewa, valvu inalia, mafuta yanachemka, na kila dalili inamwonyesha kidole mshukiwa yuleyule. Dawa ni kuzima swichi.

Zikishakusanywa dalili hizo, ndipo geji inapoingia. Inatakiwa geji inayofika angalau bar 350, iliyofungwa kwenye tundu la kupimia, mafuta yakiwa na joto la kazi, injini ikiwa kwenye mzunguko ulioelekezwa. Baketi hukunjwa hadi mwisho na wenzo hushikiliwa kwa sekunde chache, tena chache kweli, na kinachosomwa hapo ndicho kiwango cha rilifu au cha mlango wowote unaoshindwa kabla yake. Mashine nyingi za kizazi kipya hupangwa kati ya bar 200 na 240 hivi, za zamani chini ya hapo, lakini namba ya kufuata ni ya kitabu cha modeli hiyo peke yake. Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la kuangalia zaidi. Mashine nyingi zinazoshuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa zimeshatumika kwingine, na vipimo vyake vimeandikwa kwa lugha ya huko zilikotoka: psi kwa za Kimarekani, megapaskali au kilo kwa sentimita ya mraba kwa za Kijapani, bar kwa za Ulaya. Bar moja ni psi 14.5. Megapaskali moja ni bar 10. Kilo kwa sentimita ya mraba iko karibu sana na bar. Kwa hiyo 20.6 kwenye kibati, bar 206 kwenye kitabu na 2,990 kwenye geji ni kitu kimoja, na fundi asiyejua hilo anaweza kuipandisha mashine iliyokuwa sawa tangu mwanzo.

Geji hueleza presha inaishia wapi. Haielezi kwa nini. Anayetaka jibu la mwisho anahitaji kipimo cha mtiririko chenye valvu ya kubania, kifungwe kwenye njia ya ziada ili rilifu iendelee kulinda mfumo. Kukifunga kati ya pampu na rilifu kisha kukibana ni kupasua kitu, kwa sababu pampu ya gia haijui kusimama. Tuchukue mfano wa pampu inayotoa lita 70 kwa dakika bila mzigo. Tunabana polepole. Kama kwenye bar 100 bado inatoa 68, kwenye 150 inatoa 66, kwenye 190 inatoa 64, halafu kwenye 205 mtiririko unaporomoka karibu na sifuri, pampu ni nzima na rilifu inafunguka mahali pake; ugonjwa uko mbele zaidi, kwenye silinda au spuli. Kama kwenye bar 50 imeshuka hadi 58, kwenye 100 hadi 45, kwenye 130 hadi 30, ikiteremka kama mtu anayeshuka mlima, kinachovuja ni uwazi wa kudumu, na pampu ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kama inashikilia 68 hadi bar 110 kisha inaanguka ghafla, kuna valvu inafunguka kwenye 110. Mteremko unaonyesha kulika, mporomoko unaonyesha valvu. Sijui kipimo kingine kinachotenganisha washukiwa hawa wawili kwa uwazi namna hiyo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni zito na linatoka kwa watu wanaofanya kazi: "Nimezungusha skrubu na nguvu ikarudi, kwa hiyo valvu ndiyo iliyokuwa mbovu." Mara nyingine ni kweli. Nati iliyolegea kwa mtikisiko huiacha skrubu irudi nyuma, na springi iliyofanya kazi miaka mingi hulegea kidogo. Lakini matokeo hayohayo yanaweza kuwa na maana nyingine mbili. Huenda koni imechimbika na inavuja mapema. Kuibana zaidi kunaficha uvujaji kwa wiki kadhaa, huku chuma kikiendelea kuchimbika. Au huenda presha haikuwa imeshuka hata kidogo, ila mzigo ndio uliongezeka: baketi kubwa zaidi, mchanga uliolowa mvua, kifaa kizito kuliko cha zamani. Hapo mashine imepandishwa juu ya kiwango chake, na opereta anaamini imetibiwa. Bila namba ya kabla na ya baada, hali hizi tatu hazitofautishwi. Nguvu iliyorudi inathibitisha kwamba skrubu inafanya kazi. Haithibitishi kwamba skrubu ndiyo iliyokuwa na kosa.

Na kupandisha kiwango kuna gharama ambayo haionekani siku hiyo. Uzito rasmi wa kazi wa kipakiaji cha magurudumu huwekwa kwenye nusu ya uzito unaokipindua. Presha zaidi haiongezi hata kilo moja kwenye uzito wa nyuma wa mashine; inaongeza tu uwezo wa kunyanyua kitu kinachoweza kuipindua, opereta akiwa ndani na mikono ikiwa juu. Mipira ya presha hutengenezwa ili ipasuke kwenye mara nne ya presha yake ya kazi ikiwa mipya, lakini mpira uliochubuliwa na kuchomwa na jua miaka mitano hauna tena akiba hiyo. Skrubu ikiingizwa kupita kiasi, mizunguko ya springi hugusana na kuwa kama kipande kimoja cha chuma. Hapo koni haiwezi kuinuka kabisa, na mfumo hauna tena ulinzi.

Pingamizi la pili ni la vifaa. Gereji nyingi hazina kipimo cha mtiririko, baadhi hazina hata geji, na fundi mzoefu husema sikio lake linatosha. Namheshimu fundi huyo, na sikio lake lina kazi. Mlio mkali wa rilifu baketi ikiwa imefika mwisho ni wa kawaida. Mlio huohuo baketi ikiwa tupu inanyanyuka unaonyesha kwamba valvu inafunguka mapema mno au kuna kitu kimebana mbele yake. Mkwaruzo unaotetemeka huashiria hewa ndani ya mafuta. Lakini sikio linasikia kwamba valvu imefunguka, halisikii kwenye bar ngapi. Kinachoweza kusaidia bila kifaa cha gharama ni joto. Mafuta yanayopita juu ya rilifu hayafanyi kazi yoyote, nguvu yake yote inageuka joto: lita 70 kwa dakika kwenye bar 200 ni kilowati 23, zaidi ya nguvu za farasi 30, na kila mafuta yanapopita hapo yanapanda karibu nyuzi 12. Kipimajoto cha kuelekeza, ambacho siku hizi kiko kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme, kitaonyesha mahali panapopata moto haraka kuliko jirani zake: bloku karibu na valvu, mwili wa pampu, au silinda moja kati ya mbili. Mlango unaovuja unajichemsha wenyewe. Valvu ndogo mbili zinazofanana, zenye namba moja na kiwango kimoja, zinaweza kubadilishana nafasi; udhaifu ukihama nazo, umepata jibu. Na geji yenyewe ni kifaa cha bei ndogo mno ukiilinganisha na pampu iliyonunuliwa kimakosa.

Uvujaji usitafutwe kamwe kwa mkono; hilo halina mjadala. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo la mpira yanaweza kutoboa ngozi hata kwa bar 7, na mfumo huu uko kwenye 200. Alama yake ni kidoa kidogo kisichouma sana mwanzoni, lakini ndani mafuta yanaua nyama, na asiyefikishwa kwa daktari wa upasuaji haraka anaweza kupoteza kidole au mkono. Tumia kipande cha boksi au ubao. Na hakuna anayepaswa kuingia chini ya mikono iliyonyanyuliwa kabla kizuizi chake cha chuma hakijawekwa.

Pingamizi la tatu: valvu yenyewe si ghali, kwa nini kujisumbua? Ibadilishe tu. Ningekubali kama valvu mpya ingeingia kwenye mfumo msafi, lakini chembe iliyokwamisha ya zamani ilitoka mahali, na dada zake bado zinazunguka. Jicho la mtu halioni chembe iliyo chini ya maikromita 40 hivi, wakati viwango vya usafi wa mafuta huhesabu chembe kuanzia maikromita nne. Mafuta yanayong'aa kwenye kikombe yanaweza kuwa machafu ya kutosha kuimaliza valvu mpya. Chujio likifunguliwa, likatwe na kuangaliwa: unga unaong'aa kama rangi ya fedha unatoka kwenye mwili wa pampu, vipande vya mpira mweusi vinatoka kwenye sili, vipande vya njano vinatoka kwenye bushi. Chujio lina habari nyingi kuliko valvu. Zaidi ya hapo, valvu mpya haiji lazima ikiwa imepangwa kwa kiwango cha mashine yako, na katika baadhi ya modeli kiwango hupangwa kwa washa nyembamba zinazowekwa nyuma ya springi, bila skrubu yoyote. Anayehamisha valvu bila washa zake amehamisha nusu ya valvu.

Ikishathibitika kwamba valvu ndiyo yenye kosa, itolewe na ifunguliwe juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi, chini ya taa. Kwenye ncha ya koni, pale inapokalia tundu, panapaswa kuonekana mstari mwembamba unaong'aa, umezunguka bila kukatika. Mstari uliopanuka kama pete ya kidoleni umelika. Mkwaruzo mmoja uliokatiza mstari, hata kama kucha haiusikii, unatosha kuvujisha. Springi isimamishwe juu ya kioo: ikiegemea upande, imechoka. Kisha geuza macho kwenye nje ya valvu, mahali ambapo wengi hawaangalii. Valvu hizi huja kama kidonge kinachopigwa uzi ndani ya bloku, na oringi za nje, pamoja na pete ngumu zinazoziegemeza, ndizo zinazotenga upande wa presha na upande wa tangi. Kidonge kikiingizwa kikavu, ukingo mkali wa tundu hunyofoa kipande cha oringi, chembamba kama ukucha wa mtoto. Koni ni nzima, springi ni nzima, kiwango ni sahihi, na mafuta yanapita pembeni. Valvu ya namna hiyo hutupwa kila siku, mpya huingizwa ikavu vilevile, na mtu analipa mara mbili kwa kosa la oringi ambayo ingepakwa mafuta kidogo tu ingedumu.

Upande wa mwendo sitakaa sana, kwa sababu mantiki ni ileile. Magurudumu ya kushoto na ya kulia yana pampu zake za pistoni, na kila pampu ina valvu zake za kwenda mbele na kurudi nyuma, zilizopangwa juu sana, mara nyingi zaidi ya bar 300. Mashine inayovuta upande mmoja kwenda mbele tu inaonyesha valvu moja. Valvu ya mbele na ya nyuma zikibadilishana nafasi na udhaifu ukahamia kurudi nyuma, suala limekwisha. Inayokosa nguvu pande zote na mikono pia, itazamwe kwanza mafuta, chujio, unyonyaji na injini yenyewe, kwa kuwa rilifu za mifumo tofauti haziharibiki kwa miadi.

Inabaki kazi ya kupanga. Geji ikiwa imefungwa na mafuta yana joto, nati hulegezwa huku skrubu imeshikwa isizunguke, kisha skrubu husogezwa robo mzunguko au chini yake, wenzo huachwa kabla ya kila kuzungusha, na geji husomwa upya. Nati ikikazwa usomaji hubadilika kidogo, kwa hiyo namba ya kuandikwa ni ile ya baada ya kukaza. Iandikwe pamoja na tarehe, joto la mafuta na saa za mashine, kwa kalamu isiyofutika, ndani ya mlango wa nyuma, halafu mstari wa rangi upigwe kuunganisha nati na bloku. Mnunuzi wa mashine iliyotumika naye ana jambo la kufanya pale bandarini au kwenye yadi kabla hajatoa pesa: afungue mlango huo, amulike nati ya rilifu kwa tochi, aangalie kama pembe zake zimeliwa na spana na kama mstari wa rangi umekatika. Ikiwa hivyo, aombe baketi ikunjwe hadi mwisho mashine ikiwa ya moto, geji ikiwa imefungwa, yeye mwenyewe akisoma.